Umbo la Neno: Historia ya Mpangilio wa Maandishi Yetu

Neno lina sauti, na neno lina umbo. Sauti hupokewa na sikio, na umbo hupokewa na jicho. Katika ufundishaji wa Kiswahili tumeishughulikia sana sauti, na maana tumeishughulikia zaidi. Walakini umbo, yaani namna neno linavyokaa juu ya jiwe, karatasi au kitambaa, tumewaachia wapiga chapa na wachoraji wa mabango. Tangu mwaka 1962, ilipoundwa Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, tumezoea kuhesabu ngoma, nyimbo, vinyago na masimulizi kuwa hazina ya taifa letu. Mwandiko na mpangilio wake umetajwa kwa nadra.

Upungufu huu huonekana wazi darasani. Mwanafunzi akiagizwa kutengeneza bango, jalada la kitabu au gazeti la ukutani, mara nyingi hudhani kwamba kazi yake ni kuandika maneno kwanza na kuyapamba baadaye. Maua huzungushwa pambizoni, herufi hupakwa rangi tatu au nne, kivuli huongezwa nyuma ya kila neno, na kazi huhesabiwa kuwa imekwisha. Mwalimu naye, kwa kukosa kipimo, hutoa alama kwa kadiri ya wingi wa mapambo. Hivyo mwanafunzi hujifunza kwamba maana ni kitu kimoja na sura yake ni kitu kingine, tena kwamba ujuzi wa sura hauna budi kuletwa kutoka nje.

Katika insha hii twakusudia kuonyesha kwamba mpangilio wa maandishi ni sehemu ya kauli yenyewe, na kwamba maarifa haya yamekaa kwetu kwa karne nyingi. Wachongaji wa mawe, wanakili wa miswada, wapiga chapa na watengenezaji wa kanga wote waliyatumia, kila mmoja kwa chombo chake. Pia twataka kuonyesha kwamba kila mara chombo cha kuandikia kilipobadilika, watu wetu walipata jambo na walipoteza jambo. Asiyejua alichopoteza hawezi kukitafuta.

Jiwe na Sarafu

Yafaa tuanze na maandishi ya kale ya pwani yetu. Huko Kizimkazi Dimbani, kusini mwa kisiwa cha Unguja, upo msikiti ambao ukuta wake wa kibla una maandishi yaliyochongwa katika jiwe la matumbawe, yenye tarehe ya mwaka 500 wa Hijra, yaani mwaka 1107. Lugha yake ni Kiarabu, na hati yake ni ya Kikufi, yenye udugu na michongo ya mji wa Siraf katika pwani ya Uajemi. Hatusemi, basi, kwamba maandishi haya ni ya Kiswahili. Tunachosema ni kwamba watu walioswali mahali hapo waliishi na umbo hilo mbele ya macho yao, kizazi baada ya kizazi. Na hata msikiti ulipojengwa upya katika karne ya 18, maandishi yale yalihifadhiwa.

Tuyatazame kwa jicho la fundi. Mashina ya herufi husimama wima, na ncha zake huchanua kama majani. Matumbawe ni laini yanapotolewa baharini, kisha hugumu kwa kukaa na upepo. Kwa hiyo fundi hakuwa na fursa ya kujaribu na kufuta. Ilimpasa kujua kila herufi itakaa wapi kabla hajagusa patasi: mkanda una urefu gani, maneno ni mangapi, na jani lichanue wapi ili nafasi ijae pasipo kusongamana. Pambo lenyewe lilikuwa na kazi, maana jani lilijaza pengo ambalo herufi peke yake isingelijaza. Hapo twaona kanuni ya kwanza ya mpangilio: hesabu hutangulia pambo.

Mfano wa pili twaupata Kilwa. Sarafu zilizotolewa kwa jina la Sultani Ali bin al-Hasan, ambaye wataalamu humweka katika karne ya 11, zina jina lake upande mmoja, na upande wa pili zina maneno ya kuonyesha kwamba humtegemea Mola Mwenye neema. Maneno ya pande hizo mbili yana kina kimoja: al-Hasan hupokewa na al-minan. Mwenye sarafu mkononi husoma nusu ya kauli. Akiigeuza, ndipo kina hukamilika. Kipande kidogo cha shaba kimefanywa kuwa kurasa mbili, na kitendo cha kugeuza kimekuwa sehemu ya kusoma. Hatudai kwamba shairi letu lenye ukwapi na utao lilizaliwa katika sarafu hizo. Lakini kwa hakika twaweza kusema kwamba mtu wa Kilwa aliyezishika alijua kuwa mahali pa neno huweza kusema pamoja na neno.

Ukurasa wa Mtunzi

Kutoka katika jiwe na shaba tuje kwenye karatasi, na kutoka Kiarabu tuje kwenye Kiswahili chenyewe. Miongoni mwa miswada ya Kiswahili ya kale zaidi tuliyo nayo ni ule wa Utendi wa Tambuka, wenye tarehe ya mwaka 1728, uliotungwa na Mwengo wa Athumani wa Pate. Miswada ya namna hii iliandikwa kwa herufi za Kiarabu, kwa kalamu ya mwanzi, kutoka kulia kwenda kushoto.

Mwanafunzi wa leo ameuzoea ubeti wa utenzi kuwa mistari minne mifupi iliyopangwa mmoja chini ya mwingine. Si hivyo ulivyokaa katika miswada mingi ya zamani. Vipande viwili, au vyote vinne, viliandikwa katika mstari mmoja, na katikati yake ikatiwa alama ndogo ya kutenganisha. Mpangilio huu ulikuwa na maana. Vipande vitatu vya kwanza vina kina chao, na cha nne huchukua kina cha bahari kinachopita katika utenzi mzima. Ubeti ulipokaa katika mstari mmoja, kina cha bahari kilianguka daima ukingoni mwa kushoto, na silabi ile ile ikasimama juu ya mwenzake kutoka juu ya ukurasa hadi chini, kama nguzo iliyobeba nyumba. Kabla msomaji hajafungua kinywa, jicho lake lilikwisha kuona mahali pa kutulia.

Mwandishi wa herufi za Kiarabu alikuwa na uwezo mwingine ambao herufi za Kirumi hazina. Kwa kuwa herufi zake hushikana mikono, aliweza kuurefusha mkono wa herufi ili neno litanuke na mstari ufike ukingoni pasipo kuacha pengo. Mpiga chapa wa herufi za Kirumi, akitaka mistari yake ilingane, hana budi kutanua nafasi zilizo kati ya maneno. Yule wa kwanza hutanua neno. Huyu wa pili hutanua kimya. Atakayetafakari tofauti hii atafahamu kwa nini ukurasa wa muswada mzuri huonekana kama mkeka uliosukwa, ilhali ukurasa wa gazeti lililopangwa kwa haraka huonekana kama ukuta wenye nyufa.

Huko Siyu, katika kisiwa cha Pate, wanakili wa karne za 18 na 19 walitengeneza misahafu iliyopambwa kwa rangi nyekundu, nyeusi na manjano. Rangi ni chache, nazo zilitumika kwa mpango. Uchache huo ndio unaoupa ukurasa utulivu wake.

Hata hivyo, hatuna budi kusema ukweli wote. Herufi za Kiarabu, kama zilivyotumika zamani, hazikukitosheleza Kiswahili. Alama za irabu zilikuwa tatu tu, kwa hiyo e na i zilitumia alama moja, na o na u zilitumia nyingine. Herufi ya p haikuwamo, na wengi waliandika b mahali pake, hata ‘pata’ na ‘bata’ yakafanana. Msomaji alipaswa kujua lugha, na pengine kulijua shairi lenyewe, kabla ya kulisoma. Ukurasa ulikuwa mkumbushaji wa sauti, nao haukuweza kusimama peke yake. Wataalamu wa pwani waliliona tatizo hili na kulishughulikia. Katika karne ya 19, Mwalimu Sikujua bin Abdallah wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1890, alishughulika na kuzisarifu herufi hizo ili sauti za Kiswahili zipate alama zake. Ndiyo kusema kwamba mageuzi ya mwandiko yalikwisha kuanza mikononi mwa wenyeji kabla herufi za Kirumi hazijashika hatamu.

Herufi za Risasi

Herufi za Kirumi zilikuja na wamisionari, kisha zikakazwa na serikali za kikoloni. Ludwig Krapf alichapisha sarufi yake ya Kiswahili mwaka 1850, na Edward Steere alichapisha kitabu chake cha kufundishia lugha hii mwaka 1870. Misheni ya Steere iliweka mtambo wa kupigia chapa Unguja, na mwaka 1888 gazeti la Msimulizi lilianza kutolewa Kiungani. Mwanzoni mwa karne ya 20 shule ya serikali ya Kijerumani mjini Tanga ilitoa gazeti la Kiongozi. Mwaka 1923 Idara ya Elimu ya Tanganyika ilianza kutoa Mambo Leo mjini Dar es Salaam, gazeti ambalo liliwapa watunzi wengi wa mashairi uwanja wa kusomwa.

Faida ya mageuzi haya haikanushiki. Irabu tano zikapata herufi tano. Mtu aliweza kusoma neno ambalo hajalisikia kamwe. Kitabu kimoja kikawa nakala elfu, na shairi lililotungwa Tanga likasomwa Tabora mwezi ule ule. Bila ya herufi hizi, wengi wa bara wasioingia madrasa wangalichelewa sana kuingia katika nyumba ya maandishi.

Lakini kasha la herufi za risasi halikutengenezwa kwa ajili ya lugha yetu. Katika Kiingereza herufi ya k hutumika kwa nadra, na kasha lililopangwa kwa Kiingereza huwa na k chache. Tuchukue sentensi ya kawaida: ‘Kitabu kikubwa kilikuwa kikisomwa.’ Maneno manne, k saba. Upatanisho wa kisarufi, ambao sikio hulisikia kama mapigo ya ngoma, katika ukurasa huonekana kama ushanga: ki, ki, ki, ki. Mpangaji wa herufi aliyeketi mbele ya kasha la kigeni aliuhisi ushanga huo vidoleni, maana kisanduku cha k kilimalizika mapema kuliko vingine. Huu ni ushahidi kwamba lugha ina umbo lake, na kwamba chombo kilichoundwa kwa lugha nyingine hakiwezi kutosha pasipo kusarifiwa.

Vitenzi vyetu navyo ni virefu. Neno kama ‘hawakutufundisha’ huchukua sehemu kubwa ya mstari katika safu nyembamba ya gazeti. Likishindwa kuingia, hapana budi likatwe. Bahati njema silabi zetu nyingi huishia kwa irabu, kwa hiyo mahali pa kukatia ni wazi: baada ya irabu, na kamwe si katikati ya nd, mb, ng, ny, sh au ch. Mwenye kukata ‘hawakutufun-disha’ huitenga n na d, sauti mbili zilizofungwa pamoja. Mwenye kukata ‘hawakutufu-ndisha’ hulitii neno. Jambo hili laonekana dogo, lakini msomaji mpya anayesoma silabi kwa silabi hujikwaa hapo hapo.

Mashairi nayo yalibadilika sura. Utenzi ulipangwa upya katika mistari minne iliyosimama, na nguzo ya kina cha bahari ikavunjika, kwa kuwa sasa kina hicho hutokea mara moja tu katika kila mistari minne. Kwa upande wa shairi la mizani kumi na sita, alama ya zamani iliyotenganisha ukwapi na utao ilipotea, na koma ikachukua kazi yake. Ndiyo sababu katika mashairi mengi yaliyochapwa twaona koma katikati ya mshororo hata pale ambapo sarufi haiitaki. Koma ile hutuonyesha mahali pa kuvuta pumzi, nayo ni ukumbusho wa muswada ndani ya kitabu kilichochapwa. Sheikh Amri Abedi alipotoa kitabu chake cha sheria za kutunga mashairi mwaka 1954, mpangilio huu wa chapa ulikwisha kuonekana kuwa ndio wa asili.

Na ipo hasara iliyo kubwa zaidi ya hiyo. Mzee aliyeandika barua, hesabu na mashairi kwa herufi za Kiarabu aliweza kuonekana mbele ya karani kuwa hajui kusoma. Wajukuu wake walipofundishwa herufi za Kirumi peke yake, sanduku lake la karatasi likawa sanduku la siri. Twasoma Kiswahili, na bado hatuwezi kusoma Kiswahili cha babu zetu, ingawa maneno ni yale yale. Kilichofunga mlango ni umbo.

Jina la Kanga

Huku vitabu vikifuata njia ya misheni na serikali, nguo ilifuata njia yake yenyewe. Kanga ilienea katika pwani yetu mwishoni mwa karne ya 19. Kaderdina Hajee Essak, aliyejulikana kwa jina la Abdulla, ambaye duka lake lilianzishwa Mombasa mwaka 1887, hutajwa mara nyingi kuwa ndiye aliyeieneza desturi ya kuandika misemo katika kanga. Na alama ya ‘Mali ya Abdulla’ imejulikana katika pwani nzima. Hapo mwanzo maandishi hayo yalikuwa kwa herufi za Kiarabu, baadaye yakawa kwa herufi za Kirumi. Kwa miaka mingi kanga zilichapwa katika nchi za nje, hadi viwanda vya hapa kwetu, kama kile cha Urafiki kilichofunguliwa Dar es Salaam mwaka 1968 kwa msaada wa China, vilipoanza kuzitengeneza.

Kila mwanafunzi anaijua kanga, lakini ni wachache walioitazama kama ukurasa. Ina pindo, ambalo ni pambizo lake kwa pande zote nne. Ina mji, ambao ni uwanja wake wa katikati. Na ina jina, yaani maandishi, yaliyowekwa katika mstari mmoja sehemu ya chini ya mji, sambamba na upande mrefu. Utaratibu huu umedumu katika mabadiliko yote ya rangi na michoro. Je, ni kwa sababu gani?

Jibu limo katika matumizi. Kanga husomwa ikiwa mwilini. Mvaaji anatembea, nguo inakunjana, na msomaji yuko nyuma yake au ng’ambo ya njia. Kwa hiyo herufi huwa kubwa na nene, zisizo na vikia, na aghalabu zote ni herufi kubwa. Jina hukaa katika mstari mmoja kwa sababu mstari wa pili ungalipotelea mikunjoni. Huwa fupi kwa sababu njia ni fupi. Huzungukwa na nafasi isiyo na mchoro ili michoro ya mji isilimeze. Hakuna hata kimoja kati ya haya kilichowekwa kwa ajili ya kupendeza tu, na kwa sababu hiyo hiyo kinapendeza.

Zaidi ya hayo, kanga hutufundisha kwamba mahali pa neno hubadili aliyeambiwa. Methali ‘Wema hauozi’ ikiwa katika kitabu ni mafundisho kwa watu wote. Ikiwa katika kanga aliyopewa mama na bintiye, ni shukrani. Ikiwa katika kanga iliyovaliwa makusudi na jirani siku ya ugomvi, ni suto. Herufi ni zile zile, na mvaaji hajatamka neno. Hawezi kushtakiwa kwa alichosema. Wanawake wa pwani, ambao magazeti ya zamani hayakuwapa nafasi kubwa, waliupata hapa ukurasa wao, wakachagua jina, siku ya kulivaa na njia ya kupita nalo. Twadiriki kusema kwamba hakuna maandishi ya Kiswahili yaliyosomwa na watu wengi, kwa muda mrefu, kuliko haya.

Ubishi Juu ya Ukurasa

Katika miaka ya 1970 suala la umbo lilizuka tena, safari hii katika ushairi, na likawagawa wataalamu. Matukio mawili yaliyokaribiana yatatusaidia kulielewa.

Mwaka 1969 Abdilatif Abdalla wa Mombasa alihukumiwa kifungo cha miaka mitatu kwa sababu ya kijitabu alichoandika kuikosoa serikali ya Kenya. Akiwa gerezani alitunga mashairi na kuyaandika katika karatasi za chooni. Yakachapishwa mwaka 1973 katika diwani ya Sauti ya Dhiki. Karatasi zile hazikuwa na pambizo wala mistari. Lakini mashairi yale yalifuata vina na mizani, na umbo lake halikuitegemea karatasi. Lilikuwa kichwani mwa mtunzi na sikioni mwa msomaji, hata kama karatasi ingaliraruka. Hii ndiyo nguvu ya umbo la jadi: hubebwa na kumbukumbu.

Mwaka uliofuata, 1974, Euphrase Kezilahabi alitoa diwani ya Kichomi, yenye mashairi yasiyofuata vina wala mizani. Wapo waliosema kwamba hayo si mashairi kamwe. Wapo waliosema kwamba vina vilikwisha kuwa minyororo. Ubishi ule ulikuwa juu ya sauti na jadi, lakini ndani yake mlikuwa na suala la ukurasa ambalo halikupewa nafasi ya kutosha. Shairi likiacha vina na mizani, ni nini kitakachomwonyesha msomaji mahali pa kusita? Ni mkato wa mstari na nafasi wazi. Kazi ambayo zamani ilifanywa na kina sasa hufanywa na ukingo wa mstari. Kwa hiyo mtunzi wa shairi huru amekabidhiwa mpangilio kuwa chombo chake kikuu, naye akikitumia ovyo hana kingine cha kumwokoa.

Baadaye wapo waliokwenda mbele zaidi. Kithaka wa Mberia wa Kenya, katika diwani kama Bara Jingine ya mwaka 2001, hutawanya maneno na hata herufi katika ukurasa ili jicho lione jambo linalosemwa. Mashairi ya namna hii hayawezi kusomwa redioni pasipo kupoteza sehemu yake. Yale ya Abdilatif yaweza kusomwa gizani. Hatuoni haja ya kulitukuza moja kwa kulidharau jingine. Yafaa tufahamu kwamba kila umbo lina mahali linapoishi, na kila umbo lina gharama yake.

Kazi ya Kupogoa

Sasa tunaweza kurudi darasani tukiwa na kipimo. Historia tuliyoipitia inatupa maswali matatu ambayo mwalimu aweza kuyaweka mbele ya kazi ya mwanafunzi. Kwanza: maandishi haya yatasomwa wapi, na msomaji yuko katika hali gani? Hilo ni swali la kanga. Pili: ni kipi kinachofanywa na herufi, na ni kipi kinachofanywa na nafasi iliyo wazi? Hilo ni swali la mkato wa mstari. Tatu: pambo hili likiondolewa, kauli itapungua nini? Hilo ni swali la jiwe la Kizimkazi, ambapo kila jani lina kazi.

Tutoe mfano wa zoezi. Wanafunzi wapewe methali moja, karatasi moja na rangi moja. Tuseme methali ni ‘Kimya kingi kina mshindo mkuu.’ Katika jaribio la kwanza wengi wataandika ‘mshindo’ kwa herufi kubwa mno, na kuchora miali kama ya bomu. Hilo si kosa, lakini ni nusu ya methali tu. Tuwaulize: kimya kiko wapi? Katika jaribio la pili huenda wakaandika hivi:

kimya kingi



kina MSHINDO MKUU

Sasa nafasi wazi imeanza kusema. Msomaji hunyamaza kabla ya mshindo, na kunyamaza huko ndiko kunakoupa mshindo ukubwa wake. Katika jaribio la tatu tuwaulize kama herufi kubwa zinahitajika bado. Baadhi watagundua kwamba nafasi ikiwa kubwa ya kutosha, mshindo husikika hata kwa herufi ndogo. Hapo mwanafunzi amejifunza kupogoa, yaani kuondoa hadi kibaki kile ambacho kikiondolewa maana itaanguka.

Methali nyingine zitadai umbo jingine. ‘Haba na haba hujaza kibaba’ huomba kukua hatua kwa hatua, na silabi ba, inayorudi mara nne, imekwisha kumpa mpangaji vituo vyake. ‘Haraka haraka haina baraka’ huomba msongamano, kisha utulivu. Mwanafunzi asikubaliwe kutumia umbo moja kwa methali zote, maana kufanya hivyo ni kuthibitisha kwamba hakuzisoma.

Vyombo vya leo vimeifanya kazi hii kuwa rahisi na ngumu kwa wakati mmoja. Katika kompyuta kisanduku cha k hakimaliziki kamwe. Mwanafunzi ana mamia ya herufi za kuchagua, na rangi zisizohesabika. Fundi wa matumbawe alikuwa na jiwe moja na patasi, mnakili wa Siyu alikuwa na rangi tatu, na kanga ina mstari mmoja. Uchache uliwalazimisha kufikiri. Sisi tulio na wingi hatuna budi kujiwekea uchache kwa hiari yetu.

Pamoja na zoezi hilo, kila shule iliyo karibu na watu wanaosoma Kiswahili kwa herufi za Kiarabu ingefaa kuwaalika, ili wanafunzi waone ubeti ukiandikwa kutoka kulia, mkono wa herufi ukirefushwa, na kina kikisimama ukingoni. Hawatakuwa wanakili wote. Lakini watajua kwamba karatasi zilizomo katika masanduku ya babu zao ni Kiswahili, na kwamba zina mpango uliofikiriwa. Watu hao wanapungua mwaka hadi mwaka, na karatasi huliwa na mchwa hata pale ambapo hakuna aliyezisoma.